Kuteremka na baiskeli ya mlima: ukae nyuma ya kiti ama ukae katikati?

Nianze na jibu alafu nitaeleza. Kama baiskeli yako ni ya hii miaka ya karibuni, usukani mpana na foko (ile mikono miwili inayoshika tairi ya mbele) imelala mbele, kaa katikati, uzito wote kwa miguu, kifua chini, na usirudi nyuma ya kiti ovyo ovyo. Kama uko na ile mtumba ya kutoka Uingereza, tairi za inchi 26, stemu (kile kipande kinachounganisha usukani na foko) ndefu, usukani mfupi, foko imesimama wima, bado utakaa katikati sehemu kubwa ya njia lakini kurudi nyuma utarudi mara nyingi kuliko yule mwenzako, na lazima ujue kurudi vizuri. Ubishi mwingi wa hapa Nax, yaani Nakuru, na kule Kisumu unatokana na hii tu, watu wanabishana mkao mmoja na huku kila mtu amepanda baiskeli tofauti kabisa, alafu mmoja anashukia vumbi la Menengai, ule mlima wa volkano wa Nakuru, mwingine anashukia mawe ya Riat, vilima vya Kisumu.

Nyuma ya kiti ama katikati

Mkao wa nyuma kila mtu anaujua. Matako yamepita kiti yanakaribia kugusa tairi, mikono imenyooka kabisa, tumbo liko juu ya kiti, macho mara nyingi yako kwa tairi ya mbele. Uzuri wake ni mmoja na ni wa kweli: uzito ukiwa nyuma ni ngumu baiskeli ikurushe juu ya usukani. Na mtu anayeanza akisimama juu ya mteremko mkali akaona chini, mwili wenyewe unajivuta nyuma, hiyo ni hofu ya kawaida na hakuna haja ya kumcheka mtu. Shida inaanza baada ya hapo. Tairi ya mbele ndio inakupeleka penye unataka kwenda na ndio inafanya kazi kubwa ya kusimamisha baiskeli, na haiwezi kushika chini kama hakuna uzito juu yake. Ukirudi nyuma kabisa umeipunguzia uzito, ukikata kona inateleza na kwenda moja kwa moja hadi kwa mtaro, ukishika breki ya mbele inaskidi badala ya kuuma. Alafu mikono ikishanyooka haina mahali pengine pa kwenda: tairi ya mbele ikiingia kwa shimo usukani unashuka, mikono haina urefu umebaki, kwa hivyo unavutwa mbele wewe mzima. Yaani ule mkao ulichagua ndio usirushwe mbele, ndio huo huo umekurusha.

Kama unataka kuona hii kitu bila hata kupanda baiskeli, simama Mamboleo kule Kisumu uangalie mtu akishuka na Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, imebeba gunia la makaa kwa keria. Uzito wote uko nyuma, usukani unachezacheza, mbele inaelea, na ukiangalia vizuri utaona amelaza kifua kuelekea usukani, viwiko vimetoka nje, anaubonyeza chini hasa akifika kwa kona yenye changarawe. Hakwenda kozi yoyote. Ameshuka na mizigo miaka na anajua mbele ikikosa uzito hakuna kona itakatwa.

Sasa mkao wa katikati uko hivi. Pedeli ziko sawa na ardhi, mguu mmoja mbele mwingine nyuma, hakuna mguu uko chini. Visigino vimeshuka kidogo kuliko vidole. Magoti yamepinda lakini hujachuchumaa, yako na nafasi ya kufunguka na kufungika. Kiuno kimekunjika, na hapa ndio penye wengi wanakosea, wanainama kwa kupinda mgongo kama mtu anatafuta sarafu imeanguka na kiuno kimebaki vile vile. Jaribu nyumbani: upe ukuta mgongo, visigino viwe karibu sentimita 30 kutoka kwa ukuta, alafu peleka matako nyuma mpaka yaguse ukuta bila kupinda mgongo na bila kuchuchumaa. Utasikia misuli ya nyuma ya mapaja ikivutika. Hivyo ndivyo kiuno kinafaa kukunjika ukiwa kwa baiskeli. Kifua kinashuka chenyewe, viwiko vinapinda na kutoka nje, kidevu kinakuwa karibu juu ya stemu, na macho yanaenda mbele, pale utakuwa umefika baada ya sekunde mbili tatu hivi.

Kuna njia rahisi sana ya kujua kama uko katikati ama unajidanganya. Tafuta mteremko mpole, usio na gari wala pikipiki, jiachilie ukiwa umesimama kwa pedeli kwa mkao huo, alafu legeza vidole kabisa mpaka viganja viguse usukani tu. Kama unaanguka mbele, uzito wako uko kwa mikono, peleka kiuno nyuma kidogo. Kama unajikuta unauvuta usukani ili usibaki nyuma, umerudi sana, lete kifua mbele. Ukipata pale mikono haisukumi na haivuti, na miguu ndio imebeba kila kitu, hapo ndio katikati, na hiyo hisia ya kwa nyayo ndio utakuwa unaitafuta kila siku hata mteremko ukibadilika.

Kwa nini basi wazee wa baiskeli walifundisha kukaa nyuma? Walikuwa sawa, kwa baiskeli zao. Baiskeli za mlima za miaka ya 1990 foko ilikuwa imesimama kwa nyuzi kama 71, stemu ilikuwa ya milimita 120 au zaidi, usukani milimita 580 hivi, na kiti kilikuwa juu muda wote. Ukipanda hiyo, kichwa chako kiko karibu juu ya mhimili wa tairi ya mbele hata kabla mteremko haujaanza, sasa ukishika breki kwa nguvu lazima uruke. Kurudi nyuma kulikuwa dawa ya umbo la ile baiskeli. Za sasa za njia ngumu zina foko ya nyuzi kati ya 64 na 66, zile za mashindano ya kuteremka zinashuka hadi 62 au 63, stemu imekuwa fupi milimita 35 hadi 50, usukani umefika milimita 760 hata 800. Tairi ya mbele iko mbali mbele yako. Ukiwa kwa hii alafu urudi nyuma kama zamani, utakuwa umeiacha tairi ya mbele peke yake na haitakusikiza.

Sasa kwa sababu mitumba mingi inayouzwa hapa kwetu ni zile za zamani ama za katikati, kabla hujabishana na mtu chukua rula upime. Stemu kutoka katikati ya bolti ya foko hadi katikati ya usukani. Ikiwa ni milimita 90 kwenda juu, hiyo ndio kitu ya kwanza ya kubadilisha, na fundi akipata fupi ya 50 au 60 pamoja na usukani wa milimita 720 kwenda juu kwa zile vitu alivyotoa kwa baiskeli nyingine, utadhani umepewa baiskeli mpya. Lakini mwambie aangalie unene wa usukani pale katikati, kuna za milimita 25.4 na kuna za 31.8, haziingiliani, na usikubali aweke kipande cha kopo kujaza nafasi, usukani ukizunguka kwa mteremko hakuna mkao utakuokoa.

Kurudi nyuma bado kuna siku yake. Ukifika pahali ardhi inakatika ghafla, kama kushuka jabali la Maragoli ama ukingo wa korongo, baiskeli inainama sana na lazima kiuno kiende nyuma. Tofauti ni vile unafanya. Ule mtu wa zamani anajirusha nyuma kabla hajafika, mikono inaisha kabla ya kazi kuanza. Ule mwingine anafika akiwa chini, kifua karibu na usukani, viwiko vimepinda kabisa, alafu tairi ya mbele ikianza kushuka anaisukuma baiskeli iende mbele chini yake, mikono inafunguka taratibu kufuata ardhi. Ukimpiga picha pale katikati utaona matako yako nyuma ya kiti, ndio, lakini uzito uko kwa pedeli na mikono bado imebaki na mpindo. Jifunze kwa ukingo wa barabara wa sentimita 15 kabla ya kwenda kwa jabali. Ukisikia tairi ya mbele inashuka polepole bila kugonga, umeelewa. Ikigonga chini kwa kishindo ulikuwa umeng'ang'ana mikono ikiwa migumu.

Kiti juu ama chini

Hapa sitakaa sana kwa sababu sioni ubishi. Kiti chini. Ukiwa na kiti juu kwa mteremko huwezi kukunja kiuno kikashuka, kiti kinakugonga kwa mapaja ama tumbo, kila kipigo cha nyuma kinakusukuma mbele kwa usukani. Wengi wanaacha juu kwa uvivu wa kusimama kufungua bolti. Kama baiskeli yako inatumia bolti mwambie fundi aweke ile kufuli ya kufungua kwa mkono, ni kitu ndogo na bei yake haitaumiza. Kwa njia ya kupanda na kushuka kila wakati teremsha sentimita 5 hadi 8, kwa mteremko mkali mrefu teremsha hadi mwisho, na uchore alama kwa bomba la kiti na misumari ama utepe ndio ukifika chini urudishe pale pale bila kubahatisha, magoti yako yatakushukuru. Dropa, ile ya kubonyeza swichi kwa usukani kiti kishuke chenyewe, ni nzuri ajabu, lakini kama pesa ni za kuhesabu breki zinakuja kwanza.

Kitu kimoja lazima niseme hapa kwa vijana wa lami. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na akaanza baiskeli ya mlima huku Kenya chini ya David Kinjah, mwaka wa 2016 kwa Tour de France aliteremka mlima wa Peyresourde akiwa amekalia fremu, kifua juu ya usukani, akashinda siku hiyo. Watu wengi waliona ile video na bado kuna wenye wanajaribu wakishuka Riat kwa lami. Ule mkao ni wa kukata upepo kwa barabara laini iliyofungwa magari, na shirika la baiskeli la dunia lenyewe liliupiga marufuku kuanzia Aprili 2021. Ukikalia fremu huna magoti ya kubeba tuta, huna uzito kwa pedeli, na barabara ya Kakamega iko na matatu, malori na matuta. Usilinganishe kabisa.

Breki: kidole kimoja ama mkono mzima

Hapa naomba usome polepole kwa sababu mkao na breki ni kitu kimoja, ukishika breki mwili unataka kwenda mbele na kama visigino havijashuka uzito unahamia kwa mikono na ule mkao wote mzuri umeisha. Visigino vinashuka kabla ya kidole kuvuta. Fanya hivyo mpaka iwe mazoea.

Kidole kimoja kwa kila breki ndio bora, kwa sababu vidole vingine vinne vinashika usukani. Lakini hiyo inategemea breki zenyewe. Za diski za mafuta, kidole kimoja kinatosha kabisa. Za diski za waya zilizokazwa vizuri, kimoja au viwili. Za raba za kubana rimu, tumia viwili, hasa rimu ikiwa na tope. Black Mamba yenye breki za vyuma inataka mkono mzima, na mkono mzima ukiwa kwa breki hakuna mkono kwa usukani, kwa hivyo hiyo iache kwa barabara ya kawaida, usiende nayo mteremko wa mawe kujifunza mkao. Pia angalia mahali wenzo wa breki umefungwa. Mara nyingi umefungwa karibu sana na gripu na kidole cha kwanza kinafika katikati ya wenzo badala ya mwisho wake. Legeza na alenki, ile spana ndogo ya pembe sita, sogeza ndani kuelekea stemu mpaka kidole kimoja kikae pale mwisho penye mpindo, alafu kaza. Nguvu inaongezeka papo hapo bila kununua chochote.

Mbele ama nyuma? Zote mbili, na ya mbele ndio inasimamisha zaidi. Najua wengi wetu tulilelewa na maneno ya usiguse ya mbele utaruka, na kwa mkao wa mikono iliyonyooka kweli utaruka. Ukiwa umeshusha visigino na kukunja kiuno unaweza kuivuta kwa upole na kuongeza polepole, tairi inakandamizwa chini na inauma. Ya nyuma peke yake kwa vumbi la Menengai itaskidi tu, na kuskidi si kusimama. Kuskidi kunachimba njia pia, na mvua ikija ile mifereji ya tairi inakuwa makorongo, njia nzuri inaharibika kwa msimu mmoja.

Kuvuta muda wote kidogo kidogo ama kuvuta kwa nguvu alafu kuachilia? Chagua ya pili. Breki iliyovutwa muda wote inapata moto na kupoteza nguvu. Wale Wamarekani walioanza mashindano ya kuteremka kule Fairfax, California, mwaka wa 1976, walikuwa na baiskeli nzito za zamani zenye breki ndani ya habu (kile kitovu cha gurudumu) ya nyuma, na grisi ilikuwa inaungua mpaka inatoa moshi, baada ya kushuka lazima ufungue habu ujaze grisi upya. Njia yenyewe wakaiita Repack, yaani kujaza upya, kwa sababu ya hiyo kazi. Ukingo wa Menengai uko mita 2,278 na mji wa Nakuru uko kama mita 1,850, hizo ni zaidi ya mita 400 za kushuka na ukizishuka zote na vidole vimebana utafika chini na raba zinanuka na mikono imekufa ganzi. Tafuta penye ni sawa, kaza hapo, shusha spidi kabisa, achilia kwenye mawe ndio tairi zizunguke, kaza tena.

Kona: kulala na baiskeli ama kulaza baiskeli peke yake

Kuna kona mbili na kila moja iko na jibu lake. Kona yenye ukuta wa udongo upande wa nje, ile ya kuchongwa na maji ama kutengenezwa na watu, hapo lala pamoja na baiskeli, pedeli zikiwa sawa, ukuta utakushika. Kona ya wazi yenye changarawe juu, na hizo ndio nyingi kwetu, laza baiskeli zaidi kuliko mwili. Mkono wa ndani unasukuma usukani chini, kiwiko cha nje kinapanda juu, mwili unabaki karibu wima juu ya tairi, na mguu wa nje unashuka na kubeba uzito mpaka usikie pedeli imekandamizwa. Ukilala na baiskeli kwa changarawe, tairi zote zinateleza pamoja na huna cha kurekebisha. Baiskeli ikilala peke yake yale meno ya pembeni ya tairi yanachimba na ukiteleza kidogo bado uko juu yake.

Geuza kiuno pia. Kitovu kielekee mahali unatoka kwa kona, si shimo lenye unaogopa, kwa sababu ukiangalia mtaro utaingia mtaro, hiyo kila mtu wa pikipiki atakwambia. Na breki malizia kabla ya kuingia kona. Ukivuta ya mbele ukiwa umelala kwa vumbi baiskeli itatoka chini yako hata kabla hujafikiria.

Pedeli na viatu

Pedeli za kawaida zenye meno ama za klipu, zile zinazofunga kiatu? Kama unajifunza mkao, za kawaida, bila kufikiria sana. Klipu zinakushikilia hata ukikosea, kwa hivyo huwezi kujua kama visigino vimeshuka kweli ama ni kiatu kimefungwa. Za kawaida zikikosa uzito mguu unaruka na umejua hapo hapo. Na usidhani ni za wanaoanza tu, Sam Hill wa Australia alishinda ubingwa wa dunia wa kuteremka 2006, 2007 na 2010 akitumia pedeli za kawaida. Weka mhimili wa pedeli karibu na katikati ya unyayo, mbele kidogo ya upinde, usiuweke kwa vidole kama unavyofanya ukipanda. Kiatu kiwe na soli tambarare ya raba ngumu kidogo, zile raba za kukimbia zenye soli nene laini zinakunja mguu na kuchosha. Klipu zije baadaye ukitaka spidi ya kupanda.

Shoka mbele tu ama mbele na nyuma

Kujifunza, shoka (ile springi ya kupunguza mishtuko) ya mbele tu inatosha na kwa maoni yangu inafundisha zaidi, kwa sababu magoti yako ndio shoka ya nyuma na usipoyatumia utaambiwa mara moja. Yenye shoka nyuma inasamehe makosa, unashuka kwa spidi kubwa na mkao mbaya bila kujua, mpaka siku njia inakataa. Epuka kabisa zile za bei ya chini za dukani zenye springi ya nyuma, ni nzito, zinadundadunda na maungio yanalegea haraka, afadhali mtumba nzuri ya shoka moja yenye breki za diski. Na kama unadhani spidi inatoka kwa mashine, mwaka wa 2015 kule Leogang, Austria, cheni ya Aaron Gwin, Mmarekani wa mashindano ya kuteremka, ilikatika akitoka tu kwa geti ya kuanzia, akashuka bila cheni mbio yote na akashinda. Alikuwa anabonyeza baiskeli kwa miguu kila anapoingia bonde na kuiachilia kila anapopanda tuta. Hiyo kazi ya miguu unaweza kuifanya kwa matuta ya uwanja wa mtaa, bila kupiga pedeli hata moja, uone utafika wapi.

Nakuru, Kisumu ama Maragoli

Njia zenyewe zinabadilisha chaguo. Menengai ni vumbi la majivu ya volkano juu ya ngumu, na ndani ya kreta kuna mawe meusi makali. Kwa vumbi hilo tairi ya mbele inataka uzito kila wakati, kwa hivyo hata mwenye mtumba asirudi nyuma isipokuwa penye pamekatika kweli, na magoti yavae pedi, yale mawe hayachezi na mtu. Ukishuka barabara ya kuingia kreta kumbuka kuna malori ya kazi ya mvuke, kaa upande wako na usikate kona ambayo huoni mwisho wake.

Riat na Kajulu ni mawe yaliyoshikana na ngazi ndogo ndogo, sana sana kazi ni ya mikono kufunguka na kufungika na breki kuachiliwa juu ya mawe. Hapo ndio mtu wa stemu ndefu atasikia tofauti, ata mimi ningemwambia ashuke atembee zile ngazi za kufika magotini mpaka abadilishe stemu. Maragoli ni jabali kubwa wazi, likiwa kavu linashika tairi vizuri kuliko kitu chochote na ndio mahali pazuri zaidi pa kujifunza kusukuma baiskeli mbele kwa mteremko mkali, likiwa na maji na ule ukungu wa kijani usilikanyage. Kama unaanza kabisa na hutaki mteremko wa kutisha, mbuga ya Hell's Gate kule Naivasha wanaruhusu baiskeli na njia nyingi ni pole, unaweza kufanya lile zoezi la vidole siku nzima, ila uwape wanyama nafasi yao.

Upepo wa tairi pia, kwa sababu watu wengi wanajaza kwa kompresa ya petroli stesheni mpaka tairi inalia kama ngoma. Ukiwa na kilo 70 hivi na tairi ya upana wa inchi 2.2 yenye tyubu, anza na psi (kipimo cha upepo wa tairi) 28 hadi 32 mbele, nyuma ongeza mbili au tatu. Ukisikia rimu inagonga mawe ongeza kidogo, ukiona tairi inaruka juu ya kila kokoto punguza. Mtu mzito aongeze. Mvua ya Machi hadi Mei ikianza punguza psi mbili, safisha rimu kila ukisimama kama unatumia breki za raba, na ule udongo mweusi wa bonde la Kano usiingie nao kabisa, utajaa kwa foko mpaka tairi ikatae kuzunguka na itabidi ubebe baiskeli begani hadi lami.